Kati ya Blanketi na Beseni

Usiku mmoja wa mwezi wa pili mwaka jana, mvua ikiwa imenyesha tangu alasiri na umeme umekatika mtaani kwetu Ng'ambo nzima, hapa Tabora, binti yangu Zena, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne, aliamka akitetemeka. Kipimajoto kilisoma nyuzi 39.4. Ukimshika shingoni alikuwa wa moto kiasi cha kumtisha mzazi yeyote, lakini meno yake yalikuwa yakigongana na mwenyewe alilalamika kwamba anasikia baridi. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Sikonge, alivuta blanketi la pili akamfunika mpaka masikioni. Muda si mrefu mke wangu akarudi kutoka jikoni na beseni la maji na kitambaa, akamfunua.

"Mama Zena, mwache mtoto atoke jasho," mama alisema, kwa ule upole ambao wakamwana wote wanaufahamu. "Homa haifukuzwi kwa maji."

"Sawa, mama. Lakini akipata degedege je?"

Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye ninayefundisha baiolojia na ndiye niliyekuwa nimeshika kipimajoto. Nilisema jambo fulani kuhusu kwenda zahanati asubuhi, jambo ambalo lilikuwa sahihi na halikujibu swali la yeyote kati yao. Asubuhi tulikwenda, kidole kikatobolewa, kipimo cha haraka cha malaria kikaonyesha mistari miwili, na tukarudi nyumbani na dawa mseto ya siku tatu. Siku ya nne Zena alikuwa akikimbiza kuku wa jirani. Mimi nilibaki na deni la jibu, na makala hii ni sehemu ya kulilipa, maana nimetumia miezi mingi kusoma kile ambacho sayansi imekijua kuhusu joto la homa na kazi yake katika kinga ya mwili, na nimekuta kwamba blanketi na beseni vyote viwili vilikuwa na hoja.

Nianze na kutetemeka, kwa sababu ndiko kunakofungua mengine yote. Kwetu Tabora mfano ulio karibu zaidi ni bani la tumbaku, yaani jengo la kukaushia majani yake kwa moto. Mkulima anayekausha tumbaku haachi moto ujiendee. Ana kipimajoto, anajua majani yanataka joto kiasi gani leo na kiasi gani kesho, naye huongeza kuni au hufungua matundu ya hewa mpaka kipimo kikubaliane na alichokusudia. Ndani ya ubongo, katika sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, yumo mkulima wa namna hiyo. Siku za afya analinda joto la karibu nyuzi 37. (Namba hiyo tumeirithi kwa Carl Wunderlich, daktari wa Leipzig aliyechapisha mwaka 1868 vipimo vya makwapa ya wagonjwa wapatao 25,000, vipimo vya baadaye vimeonyesha wastani ulio chini kidogo ya hapo, na kwamba joto la mtu mmoja hupanda kwa karibu nusu nyuzi kati ya alfajiri na jioni. Kwa hiyo anayesoma 37.3 saa kumi na mbili jioni asijitangazie homa.)

Vijidudu vinapoingia mwilini, seli za kinga zinazovikuta kwanza, hasa makrofaji, hutoa kemikali za kupashana habari ambazo kwa jumla huitwa saitokini. Zinazojulikana sana katika habari ya homa ni interlukini-1 na interlukini-6. Habari hiyo ikifika kwenye mishipa ya damu ya ubongo, hutengenezwa pale kemikali nyingine, prostaglandini E2, ambayo ndiyo inayomwambia mkulima wetu: leo tunataka 39.5. Angalia sasa kinachotokea. Mwili uko kwenye 37 na lengo ni 39.5, kwa hiyo kwa hesabu ya haipothalamasi mwili huo una baridi kali. Mishipa ya ngozi hubana ili joto lisipotee, viganja na nyayo hupoa, misuli huanza kutetemeka ili kuzalisha joto, na mgonjwa huomba blanketi. Zena hakuwa akidanganya wala kuweweseka. Alikuwa akieleza kwa usahihi tofauti iliyokuwapo kati ya joto alilokuwa nalo na joto ambalo mwili wake ulikuwa umeliagiza. Lengo likifikiwa kutetemeka hukoma, na baadaye, amri inapotenguliwa na lengo kurudi 37, mwili hujikuta una joto la ziada, hufungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho.

Hapa mama alikuwa amegeuza mpangilio. Jasho huja kwa sababu homa inaondoka. Kulilazimisha kwa mablanketi hakuiondoi homa. Lakini mke wangu naye alikuwa na tatizo lake, kwa maana maji ya baridi hupoza ngozi huku mkulima bado anataka 39.5, naye akiona moto unapungua hufanya kile ambacho mkulima yeyote angefanya: huongeza kuni. Mtoto hutetemeka zaidi, huteseka zaidi, na baada ya nusu saa joto huwa limerudi pale pale. Dawa kama parasetamo hufanya kazi tofauti kabisa na ya kitambaa chenye maji, kwani yenyewe hupunguza utengenezaji wa zile prostaglandini, yaani inanyamazisha amri yenyewe. Ni John Vane, mwanasayansi wa Uingereza, aliyeonyesha mwaka 1971 kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini, na ugunduzi huo ulimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982.

Ni lazima pia kutenganisha homa na joto la jua. Mtu anayelima shambani mwezi wa kumi, jua la Tabora likiwa limekaza na maji yamekwisha kwenye kibuyu, anaweza kupanda mpaka nyuzi 41 na kuzidi, akachanganyikiwa na kuanguka. Huyo hana homa. Mkulima wake wa ndani bado anataka 37 na amefungua matundu yote. Bani limeshika moto tu. Huyo ndiye wa kuwekwa kivulini, kuvuliwa nguo, kumwagiwa maji na kupepewa haraka wakati anatafutiwa hospitali, na parasetamo haimsaidii chochote kwa kuwa hakuna amri ya kunyamazisha.

Sasa, kama mwili wenyewe ndio unaoagiza joto, na kuligharimia, kwani kila nyuzi moja inayopanda huongeza matumizi ya nguvu ya mwili kwa karibu asilimia 10 na zaidi, unapata nini? Jibu la kwanza lililonishika halikutoka kwa binadamu. Lilitoka kwa mijusi. Mjusi hana moto wa ndani kama wetu. Akitaka joto huenda juani, akitaka ubaridi huingia chini ya jiwe, kama tunavyowaona wale wakubwa wanaolala juu ya mawe na kuta za mji huu tangu saa tatu asubuhi. Katika miaka ya 1970, Matthew Kluger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliwaambukiza bakteria iguana wa jangwani, wakaona kwamba wakiachiwa uhuru wa kuchagua, mijusi wagonjwa walikaa mahali penye joto zaidi kuliko walivyokaa walipokuwa wazima. Walikuwa wanajipa homa kwa miguu yao. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1975, watafiti waliwanyima uhuru huo na kuwafungia mijusi wagonjwa katika vyumba vya joto tofauti: waliowekwa kwenye nyuzi 34 walikufa wote ndani ya siku chache, na wengi wa waliowekwa kwenye 40 na 42 wakapona. Kisha wakawapa wengine dawa ya jamii ya aspirini. Wale ambao dawa iliwafanya washindwe kupandisha joto lao walikufa, na wale waliolipandisha licha ya dawa wakaishi.

Nilipomsimulia mama habari hiyo hakustaajabu sana, na sababu yake ni nyuki. Marehemu mjomba wake alikuwa na mizinga ya magome kwenye miyombo ya Sikonge, na kila mrina asali wa kule anajua kwamba ukiingiza mkono katikati ya masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, utakuta joto ambalo halibadiliki, iwe usiku wa mwezi wa saba au mchana wa mwezi wa kumi. Nyuki hulilinda katika nyuzi kati ya 33 na 36 hivi, na penye baridi huliongeza kwa kukaza misuli ya mbawa bila kuzipiga mbawa zenyewe. Kuna ugonjwa wa kuvu unaoua majana ambao hushika pale kiota kinapopoa, na watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2000 kwamba kundi la nyuki lililolishwa mbegu za kuvu hiyo lilipandisha joto la kiota hata kabla majana hayajaonyesha dalili yoyote. Nyuki mmoja hawezi kuwa na homa. Mzinga mzima unaweza. Jambo ambalo mjusi, nyuki, samaki na binadamu wanalifanya kwa njia zisizofanana, na kwa gharama kubwa, ni vigumu kwangu kuliita ajali au hitilafu ya mwili.

Hata hivyo, "joto husaidia" ni maneno mepesi mno, na kwa muda mrefu maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba joto huwachoma vijidudu. Ni kweli kwa baadhi yao. Virusi wengi wa mafua ya kawaida hupenda ubaridi wa pua, nyuzi 33 hivi, na huzaliana vibaya kwenye joto la ndani ya mwili. Lakini bakteria wengi hawajali kama ni 37 au 39, na hadithi iliyo nzito zaidi iko upande wa seli zetu wenyewe.

Ili kuielewa, fikiria kazi ya limfosaiti. Hizi ni seli nyeupe za damu ambazo kila moja imetengenezwa kutambua umbo moja tu la adui, na hiyo maana yake ni kwamba adui fulani akiingia, seli zinazomtambua ni chache sana kati ya mamilioni ya nyingine. Zitamkutaje? Mwili umeweka vituo vya kukutania: tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kinenani tunaziita mitoki. Seli nyingine hukusanya vipande vya adui kutoka kwenye jeraha au koo na kuvipeleka kwenye tezi, na limfosaiti huzunguka kwa damu zikiingia tezi hii na kutoka, kuingia ile na kutoka, mpaka ile moja inayohusika ikutane na kipande chake. Kinga inayochelewa, mara nyingi imechelewa hapa, katika kukutana.

Na mlango wa kuingilia si rahisi. Damu inakwenda kasi. Limfosaiti inabidi ijishikize kwenye ukuta wa mshipa maalumu wa tezi, ibingirike, isimame kabisa, kisha ijipenyeze katikati ya seli za ukuta. Katika maabara za Roswell Park, huko Buffalo katika jimbo la New York, timu ya Sharon Evans ilipandisha joto la panya mpaka karibu nyuzi 39.5 kwa saa 6 na kukuta kwamba limfosaiti zilizovuka mlango huo ziliongezeka waziwazi. Joto lilifanya kazi pande zote mbili: liliimarisha vikulabu ambavyo limfosaiti hutumia kujishikiza, na liliufanya ukuta wa mshipa uweke nje protini zaidi za kunatia. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba interlukini-6, ile ile inayoshiriki kuagiza homa, ndiyo iliyokuwa na mkono katika kuuandaa ukuta huo. Kemikali moja inaagiza joto ubongoni, na huku chini inashirikiana na joto hilo kufungua milango.

Mwaka 2019 wanasayansi wa China, wakiongozwa na JianFeng Chen wa Shanghai, waliongeza kipande kingine. Kuna protini ambazo seli hutengeneza zinapopata joto la ghafla ili kulinda protini nyingine zisiharibike umbo. Zilianza kujulikana kwa bahati, baada ya Ferruccio Ritossa wa Italia kuripoti mwaka 1962 kile alichokiona kwenye kromosomu za inzi wadogo wa matunda waliokuwa wamepashwa joto kwa makosa. Timu ya Shanghai ilionyesha kwamba limfosaiti za aina ya T zikifikia joto la homa, kama nyuzi 38.5 na kuendelea, mojawapo ya protini hizo huhamia kwenye uso wa seli na kuviunganisha vishikio vyake viwili viwili, na seli hupata uwezo mkubwa zaidi wa kunata na kutembea kuelekea penye maambukizi. Panya waliozibiwa njia hiyo walishindwa kuondoa bakteria kama wenzao. Nyuzi 38.5 ni joto ambalo wengi wetu, nami nikiwamo, huwa tumeshafungua pakiti ya vidonge.

Lakini joto hilo halitoi kitu bure. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walikuza seli T kwenye nyuzi 39 na kuchapisha matokeo mwaka 2024: seli zilitumia chakula kingi zaidi, zikazaliana zaidi, na zile seli ambazo kazi yake ni kutuliza kinga zikalegea kazini. Wakati huo huo kundi moja la seli za mashambulizi liliumia; mitokondria zake, yaani vinu vya nguvu vya seli, zilielemewa, vinasaba vyake vikapata majeraha, na nyingi zikafa. Zilizobaki zilijirekebisha, zikawa na mitokondria nyingi zaidi na ustahimilivu zaidi. Kwa lugha ya bani, moto uleule unaoleta jani la daraja la kwanza ndio unaoweza kulikausha likavunjika, na tofauti iko katika kiasi na muda.

Katika nchi yetu mtu hawezi kuandika habari za homa akairuka malaria. Kimelea cha malaria kali, Plasmodium falciparum, hukua ndani ya chembe nyekundu za damu kwa muda wa karibu saa 48, kisha chembe hupasuka na kumwaga vimelea wachanga pamoja na uchafu, na uchafu huo ndio unaoziamsha makrofaji kupiga simu ubongoni. Kwenye maabara imeonekana kwamba joto la nyuzi 40 huwadhuru hasa vimelea waliokomaa, huku wale wachanga wakistahimili. Hivyo homa huwapunguza na wakati huo huo huwapanga waliobaki wawe wa rika moja. Mwaka 1997 ilichapishwa kazi iliyofanywa Lambaréné, nchini Gabon, ambako watoto 50 wenye malaria waliotibiwa kwa kwinini waligawanywa, wengine wakaongezewa parasetamo na wengine wakapozwa kwa njia za kawaida tu. Vimelea viliisha kwenye damu baada ya wastani wa saa 59 kwa wasiopewa parasetamo na saa 75 kwa waliopewa. Wote walikuwa na kwinini, na kwinini ndiyo iliyotibu. Lakini saa 16 si kitu cha kupuuza. Kwa upande wa pili, joto hilo hilo huzifanya chembe zilizoambukizwa karibuni zinate mapema zaidi kwenye kuta za mishipa midogo, jambo ambalo katika malaria ya ubongo ni la hatari. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema homa iachwe tu ifanye kazi yake. Katika malaria, homa peke yake haimalizi kazi, na kuisubiri imalize ni kumzika mtoto.

Homa nyingine ya kwetu iliyonifundisha zaidi ni homa ya papasi. Vijana wa mjini hawaijui, ila wazee waliolala kwenye tembe zenye sakafu ya udongo wanaikumbuka vizuri: papasi hutoka ufani usiku, hunyonya, hurudi, na baada ya siku kadhaa mtu hushikwa na homa kali ya siku tatu hivi, hupona kabisa kwa karibu wiki moja, kisha homa hurudi. Njia ya misafara kutoka pwani mpaka Ujiji, iliyopita hapa Unyanyembe, ilikuwa imejaa wadudu hao kwenye vibanda vya kupumzikia, na Robert Koch aliifuatilia katika nchi hii mwaka 1905, wakati wa Wajerumani. Bakteria wake alipewa jina la Dutton, tabibu Mwingereza aliyeuchunguza ugonjwa huo Kongo na kufa kwa ugonjwa huo huo mwaka 1905. Siri ya kurudi kwake ni kwamba bakteria hubadilisha koti: kingamwili, yaani protini za kinga zinazomnasa adui, huua karibu wote waliovaa koti la kwanza, homa inakatika kwa jasho jingi, na wachache waliovaa koti jipya huzaliana mpaka kinga iwatambue upya. Na hapa pana ushahidi ambao huwakosesha wanafunzi wangu usingizi: mgonjwa wa homa ya papasi akipewa antibiotiki, ndani ya saa chache joto lake linaweza kupanda kuliko lilivyokuwa na akatetemeka vibaya mno. Dawa imewaua bakteria kwa wingi, vipande vyao vimemwagika kwenye damu, na kinga imejibu kwa kelele. Wadudu wanakufa na homa inapanda. Anayedhani kipimajoto hupima wingi wa wadudu mwilini na aitafakari hali hiyo, na akumbuke pia kwamba mgonjwa huyo anahitaji kuangaliwa kwa karibu, kwani kelele hizo zinaweza kumuua.

Kuna mahali ambapo binadamu waliwahi kuinunua homa kwa makusudi. Mwaka 1917, mjini Vienna, Julius Wagner-Jauregg aliwachoma wagonjwa wa kaswende iliyofika ubongoni damu ya mtu mwenye malaria, akawaacha wapande homa kadhaa, kisha akaikata malaria kwa kwinini. Kabla ya penisilini ugonjwa ule haukuwa na matumaini, na baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya kweli. Wengine walikufa kwa malaria waliyopewa. Alitunukiwa Nobel mwaka 1927. Nikiwa mtu wa Tabora, ambako malaria huja bila kualikwa, husoma habari hiyo kwa hisia mbili. Aliona kweli kwamba homa huamsha jambo kubwa mwilini, na alilipia ufahamu huo kwa maisha ya watu ambao akili zao hazikuwa katika hali ya kukubali wala kukataa.

Basi turudi kwenye pakiti ya vidonge. Jaribio la Jamhuri ya Cheki lililochapishwa mwaka 2009 lilihusisha watoto wachanga 459. Waliopewa parasetamo kama kinga ya homa wakati wa chanjo walipata homa kidogo, na pia kingamwili zao kwa chanjo kadhaa zilikuwa chini kuliko za wenzao, ingawa wengi bado walifikia kiwango cha kulindwa. Kwa hiyo kumpa mtoto dawa kabla hata hajapata homa, eti kwa tahadhari, ni tabia ambayo nimeiacha. Lakini mwaka 2015 jaribio la Australia na New Zealand, lenye wagonjwa 700 wenye homa katika vyumba vya uangalizi maalumu, halikuona tofauti ya maana kati ya waliopewa parasetamo na wasiopewa, si kwa wema wala kwa ubaya. Hilo linanituliza. Mwili una njia nyingi, na kuondoa nyuzi moja au mbili ili mtoto aweze kunywa maji, kula uji na kulala hakumvunjii kinga. Ninampa dawa Zena kwa sababu anateseka, kwa kipimo cha uzito wake, na sihangaiki tena namba isiposhuka mpaka 37.

Degedege ndiyo hofu iliyomtoa mke wangu jikoni na beseni, na hofu hiyo ina msingi. Kati ya watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, wachache, kama 2 mpaka 5 kwa kila 100, hushikwa na degedege la homa. Majaribio mengi yameonyesha kwamba dawa za kushusha joto hazilizuii lisirudi katika homa hiyo hiyo au ijayo. Degedege fupi la homa kwa kawaida haliachi madhara; la kuogopa ni kwamba kwa macho halitofautiki na degedege la malaria ya ubongo au la uti wa mgongo, na kwetu magonjwa hayo yapo. Anayeanza na moshi na mafusho nyumbani ili kumfukuza pepo anatumia saa ambazo mtoto hana. Vivyo hivyo kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu: nyuzi 38 pekee ni safari ya hospitali, hata kama anacheka.

Nimeulizwa pia kuhusu nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani, ambayo mwaka 2020, wakati wa korona, ilifukizwa karibu kila ua wa mji huu. Hoja ya wenye nyungu ilikuwa kwamba tukijipasha joto kutoka nje tunaisaidia kinga, na mkosoaji mwaminifu hana budi kukiri kwamba panya wa Buffalo nao walipashwa kutoka nje, na seli zao zikaitika. Tofauti ni kwamba wale walifikishwa 39.5 mwili mzima kwa saa 6. Mtu aliyeinamia sufuria ya mwarobaini chini ya shuka kwa dakika kumi amepasha uso. Haipothalamasi yake bado inataka 37, nayo hulirudisha joto nje kwa jasho mara moja. Anapata pua iliyofunguka, na hilo ni jema. Kwa watoto sikubali kabisa, kwa kuwa majeraha ya maji ya moto na mvuke ni ya kweli kuliko faida hiyo.

Mwezi wa kumi na mbili Zena alipata homa tena, na mama alikuwapo tena. Safari hii alipotetemeka tulimpa shuka moja na blanketi jepesi, na alipoacha kutetemeka tukaliondoa blanketi. Beseni lilibaki jikoni, na mke wangu aliandika joto na saa kwenye daftari, akampa maji kidogo kidogo na dawa alipoanza kulia kwa kichwa. Alfajiri tulikuwa zahanati. Malaria haikuonekana, lilikuwa koo. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, mama akiwa amembeba Zena mgongoni, tulipita kwenye ukuta wa mawe ambako mijusi walikuwa wameanza kujianika, naye akasimama akawatazama kwa muda.

"Hawa nao wana malaria, mwanangu?"

"Wanayo, mama, ila ni ya kwao."

"Basi ndiyo maana hawatoki juani," akasema, akamrekebisha mtoto mgongoni, tukaendelea na safari.